Ngalawa ilale wapi? Madiko ya pwani ya Tanga

Mwenye ngalawa au kidau hahitaji gati. Hutegemea diko la jirani, kama Sahare, Tongoni au Kigombe, kwa ruhusa ya serikali ya mtaa au kijiji na kikundi cha BMU.

Kabla ya kuuliza bei, tazama upepo. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hulipiga usiku kucha diko lisilokingwa na rasi wala kisiwa. Tena kuna bamvua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na chombo kilicholala salama juzi huelea kikaenda zake. Kivute juu ya mstari wa mwani mkavu, kisha ukifunge.

Mlinzi? Tungeanza na jirani anayelala karibu. Kitoweo kila urudipo huenda kikamtosha.