Herufi za Wabajuni, kutoka Wino hadi XML

Pwani ya Wabajuni huanzia Kismayo, ikapitia visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, hadi upande wa kaskazini wa Lamu. Huko, kama kwingineko katika Uswahili wa kaskazini, maandishi yalikuwa ya herufi za Kiarabu kabla herufi za Kilatini hazijaingia. Waandishi walikuta abjadi isiyotosha sauti zao. Kiarabu hakina p, v wala ch. Ba ilisomwa b, p au mb. Fa ikasimamia f na v. Ghaini ikabeba g na ng. Katika alama za irabu, kasra ikawa i na e, na dhuma ikawa u na o. Sauti ya ch mara nyingi iliandikwa kwa shini, na mzigo huo ulikuwa mzito zaidi kwa Kibajuni, lahaja yao ya Kiswahili, kwani pale Waswahili wengine wasemapo mtu, Mbajuni husema mchu.

Msomaji aliyeijua lugha alijaza pengo kwa maana ya sentensi. Baadaye wanazuoni waliongeza nukta. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefanya kazi na mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, ni miongoni mwa waliotumia alama za ziada kutenganisha sauti hizo. Pa ya Kiajemi, yenye nukta tatu chini, na cha ya Kiajemi pia zikapata nafasi.

Herufi za Kilatini nazo zilifika kwa njia zaidi ya moja. Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, eneo lenye Kismayo, mwaka 1925, na ramani za Waitaliano zikaandika Chisimaio na Ras Chiamboni, ambamo ch husomwa k. Mwaka 1972 Somalia ilipitisha rasmi herufi za Kilatini kwa Kisomali, na mji wa Kismayo ukaandikwa Kismaayo. Katika mfumo huo ritifaa huonyesha hamza, yaani mkato wa sauti kooni, kama katika neno go'aan. Katika Kiswahili ritifaa hiyohiyo hutofautisha ng' na ng. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi, na majina yao yakaingia katika orodha za nchi nyingine kwa tahajia zisizolingana.

Kompyuta ilileta tofauti nyingine. Iliipa kila herufi namba, lakini kila mtengenezaji alikuwa na jedwali lake. Jedwali la ISO 8859-6 la mwaka 1987 lilikuwa na herufi za Kiarabu lakini halikuwa na pa wala cha za Kiajemi. Windows-1256 iliziongeza, kwa namba zake yenyewe. Unicode, jedwali moja kwa wote lililoanza kuchapishwa mwaka 1991, lilikusudia kumaliza mgawanyiko huo: pa ni 1662 na cha ni 1670 popote duniani.

XML, lugha ya kuweka alama katika maandishi, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, ilijengwa juu ya Unicode. Kanuni za TEI, zinazotumika kuhifadhi miswada kidijitali, ziliihamia XML katika toleo la P4 mwaka 2002. Kichanganuzi cha XML, yaani programu inayolisoma faili, hakikisii kama alivyokisia msomaji wa muswada. Kosa moja hukisimamisha.

Makosa yanayohusu herufi mara nyingi ni ya aina tatu. La kwanza ni faili kudai ni UTF-8, njia ya kuhifadhi Unicode kwa baiti, ilhali limehifadhiwa kwa jedwali jingine. Programu za uandishi hugeuza ritifaa ya ng'ombe kuwa alama iliyopinda. Katika jedwali la Windows-1252 alama hiyo ni baiti moja, 146, ambayo katika UTF-8 haina maana ikisimama peke yake. Dawa ni kutambua jedwali la asili na kuligeuza faili zima. Kubadilisha tangazo la jedwali lililo juu ya faili bila kugusa maandishi hakutoshi, isipokuwa tangazo jipya litaje jedwali lililotumika kweli.

La pili ni alama ambazo XML yenyewe huzitumia. Alama ya & na bano la pembe la kufungulia haziruhusiwi ndani ya maandishi ya kawaida; & huandikwa ikifuatwa na amp na nuktamkato. Ritifaa huleta shida pale tu thamani ya sifa (attribute) imezungushiwa ritifaa, na huandikwa kwa apos. Majina mengine yaliyozoeleka katika HTML, kama nbsp, hayatambuliki mpaka yatangazwe.

La tatu ni alama za udhibiti zisizoonekana, zinazobaki katika faili za zamani. Kati ya zile zilizo chini ya namba 32, XML 1.0 hukubali 9, 10 na 13 tu. Herufi nyingine yoyote inayoruhusiwa yaweza kuandikwa kwa namba yake, cha ikawa &#1670; lakini alama zilizokatazwa hazikubaliki hata kwa namba. Hizo hufutwa kabla faili halijasomwa.