Maji Matamu Si Lazima Yawe Maji Safi

Leo tunazungumza juu ya maji ya kunywa, na tutaanza na swali ambalo akina mama wa Kiogoro na vijiji vya jirani wana haki ya kuliuliza: "Maji ya chemchemi hii alikunywa nyanya yangu, akanywa mama yangu, nami nimekua nikiyanywa. Mbona leo mnaniambia niyatie dawa?"

Mama anayeuliza hivyo hastahili kukemewa. Anastahili jibu, na jibu lenyewe liko katika historia. Keti basi, mwekee mtoto uji wake, tusafiri pamoja.

Kilima cha nyanya na kilima cha leo

Nchi yetu ya Gusii ni ya vilima na mabonde, na Mungu ametujalia mvua. Maji ya mvua huingia ardhini kule juu ya kilima, hupita polepole katika udongo na mchanga, kisha hutokeza chini bondeni. Hiyo ndiyo chemchemi. Udongo ulikuwa chujio la nyanya zetu, nao ulifanya kazi nzuri kwa sababu juu yake palikuwa na nyumba chache, ng'ombe wachache na nafasi kubwa.

Sasa tazama kilima hicho hicho leo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii. Mashamba yamegawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wao. Mji wa Kisii umepanuka, na nyumba za kupangisha zimejengwa mahali palipokuwa na migomba. Kila nyumba ina haja ya choo, na vingi ni vyoo vya shimo. Mvua kubwa inaponyesha, uchafu wa vyoo na wa mifugo huweza kuteremka na maji mpaka kwenye chemchemi.

Lakini maji yatakayotoka hapo yanaweza kuwa meupe na baridi, na ladha yake ni ile ile aliyoijua nyanya. Viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara havionekani kwa macho wala havina ladha. Nyanya yako hakukosea. Kilicho juu ya chemchemi yake ndicho kilichobadilika.

Maji yaliyosifiwa London

Jambo hili liliwapata watu wengine kabla yetu. Mwaka 1854 mji wa London, Uingereza, ulikuwa umejaa watu kupita kiasi. Katika mtaa mmoja ulioitwa Broad Street kulikuwa na kisima cha pampu ambacho watu walikipenda kwa sababu maji yake yalikuwa matamu. Mjane mmoja aliyekuwa amehama mtaa huo aliyapenda mno hata akawa anapelekewa chupa yake nyumbani, mbali na hapo.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kipindupindu kililipuka. Watu zaidi ya 600 walikufa katika mtaa huo na kando kando yake. Daktari John Snow alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakinywa maji gani. Akagundua kwamba hata yule mjane wa mbali alikufa, naye alikunywa maji ya pampu ile. Snow aliwaeleza wakubwa wa mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Uchafu uliingiaje kisimani? Baadaye ilijulikana kwamba katika nyumba iliyo karibu na pampu kulikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha. Mama yake alifua nepi zake, akamwaga maji yale katika shimo la uchafu la nyumba yao. Shimo hilo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yalikuwa yameoza. Mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa anamuuguza mtoto wake, naye akampoteza. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Wewe umeambiwa leo: kinyesi cha mtoto mchanga kina viini kama cha mtu mzima. Kitupe chooni, na maji ya nepi pia uyamwage chooni, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Afrika Mashariki nayo ilijifunza

Usidhani hayo ni ya Ulaya tu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana mjini Zanzibar. Daktari James Christie aliyekuwa akifanya kazi huko aliandika kitabu kuhusu maradhi hayo, kikachapishwa mwaka 1876. Wenyeji wengi wa mji walitegemea visima vilivyokuwa katikati ya makazi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alilaza mabomba ya kuleta maji mjini kutoka chemchemi za nje ya mji.

Hapa Kenya kipindupindu kiliripotiwa mwaka 1971, na tangu hapo kimekuwa kikirudi. Kwetu Kisii, maji ya Mto Gucha husafishwa katika mtambo wa Kegati. Katika mitambo ya namna hiyo uchafu hutuama chini, maji huchujwa, halafu hutiwa klorini. Lakini mfereji haujafika kila boma, na hata ulipofika kuna siku ambazo maji hayatoki. Siku hizo tunarudi chemchemini.

Funzo la Busia

Je, tukiijenga chemchemi vizuri, kazi imekwisha? Katika miaka ya 2000 watafiti walifuatilia chemchemi karibu 200 huko Busia, magharibi mwa Kenya. Chemchemi zilizolindwa zilifunikwa jicho lake, zikajengewa ukuta wa saruji, na maji yakatokea kwa bomba ili mtu asitumbukize ndoo. Uchafu wa kinyesi katika maji hayo ulipungua kwa theluthi mbili hivi. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini walipopima maji yale yale nyumbani, uchafu ulikuwa umepungua kwa robo tu. Mbona? Kwa sababu safari ya maji haiishii chemchemini. Kuna mtungi usiooshwa, kuna jani lililowekwa juu ya ndoo, kuna kikombe kinachochotwa kwa mkono wenye uchafu. Hata hivyo, kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa takriban robo.

Ndipo dawa ya klorini inapoingia. Klorini hubaki ndani ya maji na kuendelea kuua viini hata yakiwa mtungini. Watafiti waliokusanya matokeo kutoka nchi mbalimbali waliona kwamba kutibu maji hupunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban robo. Harufu kidogo ya dawa si sumu. Ni dalili kwamba mlinzi yuko kazini.

Wala mzigo huu si wako peke yako, mama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kama chemchemi yenu haijalindwa, kikundi chenu cha akina mama kimweleze chifu, afisa wa afya na mwakilishi wa wadi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mambo ya kukumbuka

1. Tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Kama huna dawa, chemsha mpaka yatokote kabisa.
2. Osha mtungi kila mara, uufunike. Mimina maji au tumia kata yenye mpini mrefu.
3. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka chemchemini, na kiwe upande wa chini. Ng'ombe wanyweshwe mbali na jicho la maji.
4. Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS na umpeleke kituo cha afya akapewe pia dawa ya zinki. Ukiona macho yamezama, damu kwenye choo, au hawezi kunywa, usingoje kesho.

Nyanya alitupa chemchemi. Nasi tuwape wajukuu wake maji salama kutoka chemchemi hiyo hiyo. Mpaka mazungumzo yetu yajayo, kaa salama, mama.