Ali Al-Habsi na Stahiki ya Taadhima

Huko Marekani, katika mji mdogo wa Cooperstown, lipo tangu mwaka 1939 jumba la heshima la wachezaji wa besiboli, na kanuni yake ni kwamba mchezaji hafikiriwi mpaka itimie miaka 5 tangu alipostaafu, wala haingii kwa kura za waandishi wa mchezo huo mpaka apate robo tatu ya kura hizo. Naiona kanuni hiyo kuwa ya insafu, kwani muda hupoza shangwe za wapenzi na ghadhabu za mahasidi, ikabaki kazi yenyewe. Ali Al-Habsi, mlinda mlango aliyezaliwa Al-Mudhaibi, hapa petu Sharqiyah ya Kaskazini, mwaka 1981, aliacha kucheza mwaka 2020. Muda wake basi umetimia, na sisi wasomaji wa Kiswahili wa Ibra, Sur na Nizwa, ambao wazee wetu waliijua bahari ya Unguja kama walivyoijua mifalaji ya huku, tuna haki ya kutoa rai juu yake.

Wanaompinga wana hoja, wala si za kupuuzwa. Wasema kwamba katika zama zake Oman haikufika Kombe la Dunia. Kwamba fainali za Kombe la Ghuba za 2004 na 2007 zilipotea naye akiwa golini. Na kwamba Wigan, klabu yake ya Uingereza, ilipotwaa Kombe la FA mwezi Mei 2013, aliyesimama mlangoni siku ile alikuwa Joel Robles, Mhispania, na siku 3 baadaye timu ikashuka daraja. Yote hayo ni kweli.

Lakini kazi ya mlinda mlango haipimwi kwa kipimo cha mfungaji, kwa kuwa sehemu kubwa ya mema yake ni mabao ambayo hayakuingia, na ambayo kwa sababu hiyo hakuna anayeyakumbuka. Mwezi Januari 2009, Maskati, Oman iliyokuwa imezoea kwa miaka mingi kushika mkia katika Kombe la Ghuba ilicheza mechi 5 pasipo wavu wake kuguswa hata mara moja, ikatoka sare ya bila kwa bila na Saudia katika fainali, kisha ikashinda kwa mikwaju ya penalti 6 kwa 5. Al-Habsi alitajwa mlinda mlango bora wa mashindano hayo kwa mara ya 4 mfululizo. Ni kweli kwamba Hassan Rabia ndiye aliyeongoza kwa mabao, na Mohammed Rabia ndiye aliyepiga mkwaju wa mwisho, na fakhari ile ni yao pia. Ila timu isiyofungwa huwa na msingi, na msingi ule ulikuwa yeye.

Na liko jambo zito kuliko kombe. Kabla yake, kijana wa Oman hakuwa na mfano wa mwenziwe aliyekwenda Ulaya akalipwa kwa kucheza mpira. Mwingereza John Burridge, aliyewafundisha walinda mlango wa Oman, alikiona kipaji chake. Mwaka 2003 Al-Habsi akaenda klabu ya Lyn ya Oslo, na mwaka 2004 Wanorwe wenyewe wakamtambua kuwa mlinda mlango bora wa nchi yao. Bolton ya Uingereza ilimchukua mwaka 2006, na huko alikaa miaka akiwa nyuma ya mlinda mlango wa kwanza, Jussi Jääskeläinen, pasipo kukata tamaa, subira ambayo kwangu ni hoja kubwa kuliko kikombe chochote. Wigan ilipompa nafasi mwaka 2010, alichaguliwa mchezaji bora wa klabu msimu ule ule, timu ikanusurika kushuka siku ya mwisho ya ligi. Na Septemba 2012, mbele ya umati wa Old Trafford, aliuzuia mkwaju wa penalti wa Javier Hernández wa Manchester United, ingawa siku ile Wigan ilishindwa.

Kwa hiyo rai yangu ni dhahiri. Yeyote atakayeandika orodha ya taadhima ya wanamichezo wa Oman na aianze kwa jina hili, na viongozi wa michezo wa Sharqiyah waliweke mahali pa wazi, Al-Mudhaibi au Ibra, ambapo watoto wanaotoka shule wataliona kila siku. Kura yangu nampa.