Tuskegee: Maisha ya Mwanafunzi Chini ya Kengele

Kila unapozuka mjadala wa kuwapeleka vijana wetu wa Pwani katika vyuo vya ufundi, mimi huwa upande wa wanaounga mkono. Nimefundisha useremala miaka mingi. Lakini hata chuo cha ufundi kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa na walakini wake, na maisha ya wanafunzi wake yanafaa kujulikana.

Tuskegee kilifunguliwa Julai 4, 1881, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kwa ajili ya watu weusi, miaka 16 tu baada ya utumwa kukomeshwa. Mkuu wake, Booker T. Washington, alizaliwa mtumwa. Wanafunzi walijijengea majengo yao kwa matofali waliyoyachoma wenyewe. Matanuri matatu ya kwanza yaliharibika. Washington akaiweka saa yake rehani kwa dola 15 ili lijengwe la nne. Alipofariki mwaka 1915, chuo kilikuwa na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi wapatao 1,500.

Ratiba ya siku ameiandika mwenyewe katika kitabu chake cha 1901. Kengele ya kuamka ni saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili, chakula cha asubuhi, na dakika 20 baadaye kimekwisha. Kisha usafi wa vyumba, kazi, masomo kidogo, halafu vijana wa kiume wanapangwa mstari kukaguliwa mavazi na usafi wao. Sala kanisani. Baada ya sala, dakika tano za habari za siku, jambo ambalo mimi nalipenda mno na shule zetu zingeliiga. Kazi na masomo hupokezana hadi saa kumi na moja na nusu jioni, na saa tatu na nusu usiku kila mtu kitandani.

Mswaki ulikuwa sharti. Asiyekuwa nao hakai chuoni. (Kwetu hilo si geni, mswaki ni suna.) Walifunzwa pia kuoga, kuvaa nguo za kulalia na kulala katikati ya shuka mbili.

Waliokuwa na hali ngumu zaidi ni wa shule ya usiku. Hawa hawakuwa na karo, basi walifanya kazi saa kumi mchana, wakasoma saa mbili usiku, na sehemu ya ujira ikawekwa akiba kulipia masomo ya mchana baadaye. Hebu fikiria kijana aliyeshinda juani akichoma matofali, kisha umfungulie kitabu cha hesabu usiku.

Si wote waliostahimili. Mshairi Claude McKay alifika kutoka Jamaica mwaka 1912, akachukizwa na nidhamu ya kijeshi, akaondoka baada ya muda mfupi kwenda Kansas. Msomi W. E. B. Du Bois alikuwa ameshaandika mwaka 1903 kwamba mtu mweusi anahitaji pia elimu ya juu na kura, si jembe na nyundo peke yake. Na Washington mwenyewe, bintiye Portia alijifunza ushoni hapo Tuskegee, kisha akapelekwa Berlin kusomea piano. Mimi simlaumu kwa hilo. Ila wakubwa wetu wanapohubiri ufundi jukwaani, huwa nauliza watoto wao wanasoma wapi.

Mfano huo ulifika hadi Kenya. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, naye James Aggrey wa Gold Coast akiwemo, ilizunguka Afrika Mashariki ikipendekeza elimu ya namna hiyo kwa Waafrika. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, kufunza walimu wa kusimamia shule za vijijini. Mahali pale pale leo ndipo maofisa wa serikali wanakopelekwa kusomea uongozi.