Usajili: kwa nini Engaresero inabishania Msimbazi na Jangwani?

Wadau, Tanzania ina msimu mmoja ambao hata Mamlaka ya Hali ya Hewa hawautangazi. Msimu wa usajili. Ligi inakwisha, viwanja vinanyamaza, halafu kelele ndiyo kwanza zinaanza. Nani anakuja, nani anaachwa, nani kaonekana uwanja wa ndege, nani kavaa jezi ya mtani usiku akapigwa picha.

Ubishi huu hauna mipaka. Chukua Engaresero, wilaya ya Ngorongoro. Ni kijiji cha wafugaji na waongoza watalii, kati ya Ziwa Natron na mlima Oldoinyo Lengai, ule uliotema majivu mwaka 2007 na 2008. Kutoka hapo mpaka Kariakoo ni safari ya zaidi ya siku moja kwa mtu asiye na gari lake. Lakini morani mwenye simu mkononi anaweza kukupangia kikosi cha Simba au Yanga cha msimu ujao, kuanzia kipa mpaka winga wa akiba. "Ero, mwaka huu mtani amekwisha!" Ukimuuliza timu ya wilaya yake ina wachezaji gani, mazungumzo yanapoa.

Leo nataka tulichimbe hilo. Imekuwaje kijana wa Engaresero ajue mkataba wa beki kutoka Kinshasa unaisha lini, wakati hajui jirani yake mwenye kipaji atasajiliwa na nani? Jibu langu ni kwamba historia yetu ya kuchagua wachezaji ndiyo iliyotufikisha hapa. Twende taratibu.

MIAKA ILEILE, NJIA MBILI

Yanga ilizaliwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikazaliwa klabu ambayo ilipitia majina ya Queens na Eagles, ikatulia na Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Wote hao ni watoto wa mitaa ya Kariakoo na jirani zake.

Sasa angalia kituko cha kalenda. Miaka hiyohiyo, kule Marekani, wenye timu za ule mpira wao wa kofia ngumu walikuwa wanalia kwamba timu tajiri zinabeba kila mchezaji mzuri anayemaliza chuo. Bert Bell, bosi wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa inachapwa kila wiki, akatoa hoja mwaka 1935: wachezaji wapya wapangwe kwenye orodha moja, na timu zichague kwa zamu, ikianza ile iliyoshika mkia. Wenzake wakakubali. Zamu ya kwanza ikafanyika Februari 1936. Wenyewe wanaiita drafti. (Usichanganye na drafti yetu ya vizibo vya soda, ingawa hiyo nayo inachezwa kwa zamu.)

Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Jay Berwanger, nyota wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hakucheza hata mechi moja ya ligi ile! Kwa hiyo usidhani wenzetu walipata dawa ya kila ugonjwa.

Na sisi tuna mtu wetu kwenye historia hiyo. Mwaka 2009, Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika drafti ya mpira wa kikapu ya NBA, akaenda Memphis Grizzlies. Nyuma yake, nafasi ya tatu, alichaguliwa James Harden. Nafasi ya saba akachaguliwa Stephen Curry. Thabeet alipata alichopata na tunamheshimu, lakini wataalamu wenye kompyuta na wasaka vipaji wa kulipwa walimpita Curry. Kumbuka hilo siku mtu akikuapia kwamba straika mpya "ni mashine" baada ya kumwona kwenye video ya dakika mbili.

Basi ndiyo hivyo. Wenzetu, kwa sababu zao za biashara, waliamua dhaifu achague kwanza. Sisi hatukuwahi kukaa kikao cha namna hiyo. Kwetu mwenye nguvu anachagua kwanza, anachagua katikati, na mwishoni anarudi kuangalia kama kuna kilichobaki.

MIKOA ILIPOKUWA NA SAUTI

Wapo vijana wanaodhani ubingwa wa Tanzania ulikuwa wa Simba na Yanga siku zote. Si kweli. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965 na Sunderland ikachukua ubingwa wa kwanza. Mwaka 1967 wakachukua Cosmopolitan. Mwaka 1975 kombe likaenda Morogoro kwa Mseto. Mwaka 1982 wakachukua Pan African, timu iliyotokana na mgawanyiko mkubwa ndani ya Yanga katikati ya miaka ya 70. Mwaka 1986 Tukuyu Stars wa Mbeya wakawashangaza wote. Mwaka 1988 ikawa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, wakachukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000.

Timu zile zilipataje wachezaji? Nyingi ziliegemea mahali na kazi. Kiwanda, bandari, reli, jeshi, magereza, halmashauri. Kijana alipewa ajira, akapata na jezi. Mshahara haukuwa wa kutisha, lakini ulikuwepo, na familia ilikuwa karibu. Juu ya hapo kulikuwa na mashindano ya Kombe la Taifa, mkoa kwa mkoa, ambapo mchezaji wa mbali alionekana akiwa bado amevaa rangi za kwao.

Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba na kubinafsishwa, timu zilizokuwa zinalishwa na mashirika hayo zikayumba nazo. Pamba ya Mwanza ni mfano unaouma. Ilikuwa timu ya kuogopwa mwanzoni mwa miaka ya 90. Lakini George Masatu na Hussein Masha walitoka Pamba wakaenda Simba, na Simba hiyo ya 1993 ikafika fainali ya Kombe la CAF, ikafungwa na Stella Abidjan ya Ivory Coast. Taifa zima linaikumbuka fainali ile. Ni wangapi wanaokumbuka kwamba sehemu ya kikosi ilipikwa Mwanza?

Sisemi wachezaji wale walikosea. Mtu anakwenda kwenye ugali mkubwa. Ninachosema ni kwamba Mwanza haikubakiwa na kitu cha kupikia sufuria nyingine.

ARUSHA JE?

Turudi kaskazini. Arusha haijawahi kutoa bingwa wa ligi. Iliwahi kuwa na AFC. Kuanzia 2011 hadi 2014 JKT Oljoro ilicheza Ligi Kuu, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ukapata uhai, kisha timu ikashuka na uhai ukashuka nayo.

Si kwamba ukanda huu hauna miguu. Mwaka 1974, mwaka uleule Simba ilipofika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika na kutolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri, kijana wa Karatu aitwaye Filbert Bayi alikwenda Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Tarehe 2 Februari akakimbia mita 1,500 akiwa mbele kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Karatu ndiyo unayoipita ukienda Ngorongoro kwa barabara ya lami.

Kwa hiyo kipaji kipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukiona. Mtoto wa Engaresero mwenye mguu wa kushoto wa dhahabu ana ngazi moja tu ya uhakika: UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi na UMISSETA akiwa sekondari. Atoke shuleni, achaguliwe wilaya, kisha mkoa, kisha taifa. Ngorongoro ni kubwa, vijiji viko mbalimbali, na nauli ni ileile iwe umeitwa kwenye majaribio au kwenye harusi. Akikosa basi la siku hiyo, amekosa mwaka. Akimaliza shule bila kuonekana, ngazi imeondolewa. Huyo ndiye ambaye kesho utamkuta kijiweni akichambua usajili wa Kariakoo kwa ufundi wa kocha.

Serikali ilianza kujenga uwanja wa watu 30,000 Arusha mwaka 2024 kwa ajili ya AFCON iliyopangwa Kenya, Uganda na Tanzania. Jambo jema sana. Swali ni nani atakuwa mwenyeji wa uwanja ule wageni wakishaondoka.

MIKATABA NA VITUKO

Haya, tuje kwenye utamu wenyewe. Usajili wetu umejaa sinema, na mimi nazipenda kama wewe.

Mwaka 2013 Mrisho Ngassa alirudi Yanga baada ya kucheza Simba kwa mkopo kutoka Azam. Ikabainika alikuwa amechukua pesa za Simba pia. TFF ikamfungia mechi sita na kumtaka arudishe shilingi milioni 45. Mwaka 2020 Bernard Morrison, raia wa Ghana, akatoka Yanga kwenda Simba. Yanga wakasema ana mkataba, yeye akasema hana. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya kimataifa, CAS, na mwaka 2021 Yanga wakashindwa. Mwaka uliofuata Morrison huyohuyo akarudi Yanga!

Desemba 2022 ikaja ya Feisal Salum, Fei Toto. Kijana wa Zanzibar aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, akasema amevunja mkataba wake. TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita kijana hachezi. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akawaambia Yanga, mbele ya watu, walimalize suala hilo. Siku chache baadaye Fei akawa mchezaji wa Azam. Jiulize: mchezaji wa timu ndogo isiyofika Ikulu angesaidiwa na nani?

KIKOSI CHA KWENYE KARATASI

Na ubashiri wetu je? Simba walichukua ubingwa misimu minne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Mwaka 2021 wakawauza Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri. Wana-Msimbazi wengi wakasema pesa ile itanunua wengine kama wao. Upande wa pili Yanga wakawaleta Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, Djuma Shabani na Fiston Mayele. Kijiweni watu wakacheka, maana Yanga walikuwa wameukosa ubingwa miaka yote minne.

Msimu wa 2021/22 Yanga ikatwaa ubingwa bila kupoteza mechi. Ikaendelea mpaka ikafikisha mechi 49 za ligi bila kufungwa. Iliyoivunja rekodi hiyo, Novemba 2022, ilikuwa Ihefu ya Mbarali, Mbeya. Mabao 2-1. Timu ndogo kutoka kwenye mashamba ya mpunga!

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haiishii hapo. Mwaka 2024 Ihefu ilihamishiwa Singida, ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Mbarali iliyomfunga bingwa ikabaki bila timu yake. Zamani tajiri alikuja mkoani kuchukua mchezaji mmoja. Siku hizi anaweza kuichukua timu nzima na nafasi yake kwenye ligi.

TUFANYEJE?

Sidai tuige drafti ya Marekani. Mpira wa miguu sehemu kubwa ya dunia hauendeshwi hivyo, na mchezaji ana haki ya kuchagua anakokwenda. Lakini lile wazo la mzee Bell linaweza kuvaa kanzu yetu. FIFA ina utaratibu wa fidia kwa timu zilizomlea mchezaji. Tuufanyie kazi hata kwa uhamisho wa ndani, ili shule au timu ya kijiji iliyomtoa kijana ipate angalau mipira na viatu. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za televisheni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Katika pesa nyingi kiasi hicho, kukosa nauli ya kuwafikisha watoto wa Engaresero kwenye majaribio ya wilaya ni uamuzi wa watu. Umaskini ni kisingizio tu.

Na sisi mashabiki tuna kazi yetu. Tunaweza kutaja wachezaji kumi na wawili wa kigeni wa timu moja kwa majina na nchi zao. Taja watatu wanaocheza timu ya wilaya yako. Mimi naanza kuwatafuta wa kwangu.

Wewe mwenzangu wa Msimbazi, na wewe wa Jangwani, mnaonaje? Mkimaliza kubishana nani kasajili vizuri, niambieni: huyo mtoto wa mguu wa kushoto pale Engaresero, nani anakwenda kumwangalia?