Wadikata
Wadikata ni risasi ya bastola yenye umbo la silinda na kichwa bapa, ambayo walenga shabaha wa Marekani wameizoea hasa katika revolva za .38 Special, kwa kuwa hutoboa karatasi tundu la mviringo lisilochanika kingo, na hivyo kumpunguzia mwamuzi ubishi pale tundu linapogusa mstari wa alama. Wanaojitengenezea wenyewe huyeyusha madini ya risasi, ambayo yakiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, wakayachanganya na stani kidogo ili yajaze kila pembe ya kalibu, na antimoni ili yawe magumu. Mifereji ya ubavuni mwa wadikata hupakwa mafuta mazito, maana bila mafuta hayo, madini huganda ndani ya mtutu na kuharibu shabaha. Vumbi la madini hayo, ikumbukwe, ni sumu.