Si Mwingiliano, ni Uingiliaji

Shosho mmoja alisimama mlangoni mwa matatu ya Buruburu asikubali kuketi. Kiti pekee kilichobaki kilikuwa na spika kubwa nyuma yake, usawa wa bega. "Mwanangu, nina betri ya moyo," akamwambia makanga. "Nitafutie pengine." Kijana mmoja akampisha.

Betri ya moyo: ndivyo wengi wasemavyo mitaani, na ni jina zuri, ila linaficha jambo moja. Kifaa hiki husikiliza. Moyo ukipiga wenyewe, hunyamaza. Ukichelewa, huupa msukumo mdogo wa umeme. Ndiyo maana napendelea kidhibiti mapigo. Sumaku, kama ile iliyo ndani ya spika, ikikikaribia, vingi huacha kusikiliza, vikapiga kwa kasi moja tu, moyo utake usitake. Madaktari wenyewe huitumia tabia hiyo wanapokikagua. Lakini kwa aliyepandikizwa kishtua moyo, sumaku husitisha ule mshtuko wa kumwokoa mapigo yakivurugika. Hapo ndipo ninapoogopa.

Hali hii ya sumaku kuvuruga kifaa huitwa mwingiliano wa sumaku, na neno hilo halinikai. Kiambishi -an- ni cha kutendana: wanaoingiliana huguswa wote wawili. Spika ya matatu haiguswi na chochote. Inaendelea na muziki wake. Sumaku ndiyo inayoingilia, kama mtu anayedakia maneno ya wenzake. Basi tuseme uingiliaji wa sumaku. Mgonjwa akilisikia neno hilo atauliza mara moja: ni nini kinachoingilia, nami nikae mbali kiasi gani?

Jibu lipo, na hupimwa kwa rula. Spika na simu, sentimita 15 kutoka kifaa kilipo. Mashine za kuchomelea vyuma, kama zile za Kariobangi Light Industries, angalau sentimita 60, na fundi mwenye kifaa amwone daktari wake kabla ya kurudi kazini. Simu si ya kupuuzwa: mwaka 2021 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba iPhone 12, yenye sumaku mgongoni, ilisitisha kazi ya kishtua moyo ilipowekwa juu ya kifua cha mgonjwa. Ilipoondolewa, kifaa kilirudia kazi yake.

Shosho alinionyesha kadi ya kifaa chake, ameifunga pamoja na kitambulisho kwenye pindo la leso. Akifika mlangoni pa supamaketi humwonyesha askari wa kike mwenye kifaa cha kugundua vyuma. "Nipapase kwa mkono, binti yangu. Hicho kidude usikishikilie hapa."